Naona maneno ya siri ya wateja wetu, na mkuu wa mfumo ni shemeji yangu

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 29 na nafanya kazi kwenye kitengo cha huduma kwa wateja katika kampuni ambayo sitaitaja. Kazi hii nilitafutiwa na shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta hapo hapo. Najua akisoma barua hii atanitambua kwa sentensi hiyo moja, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Mteja akipiga simu, naandika namba yake na skrini inaniletea habari zake: jina, anwani, barua pepe, siku aliyolipa mara ya mwisho. Chini kabisa, kwenye kisanduku cha kijivu, kuna neno lake la siri. Si vinukta, Mama. Ni neno lenyewe, herufi kwa herufi. Mteja akilisahau tunamsomea: "Herufi kubwa M, halafu a ndogo…" Nilipoanza kazi miaka miwili iliyopita nilidhani ndivyo ilivyo kila mahali, na wateja wanatusifu kwa jinsi tunavyowahudumia upesi.

Miezi minne iliyopita alipiga mzee mmoja, sauti inamtetemeka. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe yake na kuwaandikia ndugu na marafiki kwamba amelazwa, anahitaji fedha haraka. Wawili walituma. Yeye alitaka kujua kama akaunti yake ya kwetu nayo imeguswa. Sijui kwa nini nilimuuliza, lakini nilimuuliza: neno lako la siri la barua pepe ndilo hili hili la kwetu? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi ninalo moja tu. Nitakumbuka mangapi?" Wakati anasema hivyo mimi nilikuwa nalitazama. Nikamwambia abadilishe. Akauliza kwa nini. Nikasema ni utaratibu.

Meneja wangu nilipomweleza alisema ni uzembe wa mzee mwenyewe kutumia neno moja kila mahali. Nikaenda kwa shemeji. Alicheka. "Mfumo uko ndani kwa ndani, anayeona ni mfanyakazi tu. Na wewe si fundi, usijitafutie presha."

Tangu siku ile macho yangu hayatulii. Kuna mwenzangu ana kidaftari, huwa anaandika wakati wateja wanaongea, na nikipita anakifunga. Sisemi ni mwizi. Ila nalala nikikifikiria kile kidaftari.

Sasa nikueleze linalonisumbua kuliko yote. Siku moja nilitaka kuhakikisha kama kweli kila mteja anaonekana, hata mtu wa karibu. Nikaandika namba ya dada yangu, maana naye ni mteja wetu. Neno lake la siri ni jina la mwanawe wa kwanza, aliyefariki akiwa na miezi saba, na mwaka aliozaliwa. Dada hajalitamka jina hilo mbele yetu kwa miaka tisa. Nilifunga ukurasa nikaenda chooni kulia. Niliporudi nikaufungua tena, nikaupiga picha kwa simu yangu pamoja na ule wa mzee, ili niwe na ushahidi. Dada nilimwambia tu abadilishe maneno yake ya siri kwa sababu siku hizi wadukuzi ni wengi. Alisema atafanya. Najua hajafanya.

Na sasa limekuja hili. Kuna kampuni kubwa inataka kufanya biashara na sisi, imetuma fomu ndefu ya maswali ya usalama. Swali moja linauliza kama maneno ya siri ya wateja yanahifadhiwa kwa namna ambayo hata wafanyakazi hawawezi kuyasoma. Mbele yake imeshajazwa "Ndiyo". Mimi ni msimamizi wa zamu, natakiwa nitie saini kwa niaba ya kitengo chetu kabla mwezi haujaisha. Saini ya shemeji iko juu. Nafasi yangu iko chini yake, tupu.

Nikikataa, namwaibisha aliyenipa riziki, na dada atabaki katikati yetu. Nikitia saini, nimedanganya. Nikitangaza mtandaoni, watu wataokoka na mimi nitafukuzwa. Nifanyeje? Na dada nimwambie nilichokiona?

Aliyeona

*

Marahaba, mwanangu.

Nilipomaliza barua yako niliinuka kwanza nikabadilisha neno langu la siri. Lilikuwa la miaka mingapi, hilo tuliache.

Mambo uliyoyaleta ni mengi na yamefungwa fundo moja: skrini isiyoficha kitu, fomu inayosubiri saini, shemeji aliyekushika mkono, na dada mwenye siri ambayo sasa mko wawili kuijua bila yeye kujua kwamba mko wawili. Yote umeyabeba kama mzigo mmoja, ndiyo maana hulali. Naomba tuyashike moja moja, na nitaanza na lile jepesi.

Shemeji amekwambia wewe si fundi. Ni kweli. Ila ulichokiona hakihitaji fundi. Tangu mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs waliandika jinsi mfumo wa kompyuta uitwao Unix unavyoweza kumtambua mtu bila kuhifadhi neno lake la siri. Neno linasagwa, unabaki unga tu. Ukirudi kesho na kuliandika tena, mashine inasaga upya na kulinganisha unga kwa unga, na unga haurudi kuwa punje. Mafundi wakaongeza na kile wanachokiita chumvi: herufi za kubahatisha zinazotiwa kabla ya kusaga, ili watu wawili wenye neno moja wasitoe unga unaofanana. Mteja akisahau hasomewi kitu, anatumiwa kiungo cha kuweka neno jipya. Kwa hiyo kisanduku kile cha kijivu hakina kazi ambayo haiwezi kufanywa bila hicho. Wepesi mnaosifiwa ni wepesi wa mlango usio na komeo.

Hata hivyo usidhani shemeji yako ni mtu wa ajabu. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ilidukuliwa, na maneno ya siri zaidi ya milioni 32 yakakutwa yakiwa wazi kama ya kwenu. Facebook, yenye mafundi wasiohesabika, ilikiri Machi 2019 kwamba maneno ya siri ya mamia ya mamilioni ya watu yalikuwa yakikaa kwenye mifumo yake ya ndani katika hali ya kusomeka. Utetezi wao ulifanana na wa shemeji: yaliyoonekana yalionekana ndani tu, na hakuna dalili kwamba mfanyakazi aliyatumia vibaya. Septemba 2024 mamlaka ya kulinda data ya Ireland ikawapiga faini ya euro milioni 91. Nakutajia hili kwa sababu ni kesi ambayo hoja ya "ndani kwa ndani" ilipimwa hadharani, na unaweza kumpelekea bila kulifanya liwe ugomvi wa nyumbani. Pia hukuniambia kama mfumo ameujenga yeye au aliukuta. Huenda aliurithi, akauona siku ya kwanza, akasema nitautengeneza wiki ijayo, na wiki ijayo haijafika mpaka leo. Kumkosoa mtu kwa alichojenga ni mbali na kumsaidia kutoka kwenye alichokikuta.

Sasa niulize kuhusu yule mzee. Una hakika neno lake lilitoka kwenu? Wezi wa siku hizi huchukua orodha iliyovuja mahali fulani wakaijaribu kwenye milango mingine mamia, kwa mashine, kwa sababu wanajua watu wengi wana neno moja kama mzee wetu. Huenda lilivuja kwenye tovuti aliyojiunga nayo miaka kumi iliyopita akaisahau. Nasema hivi ili nikupunguzie uzito wa kuamini kwamba ulikuwa umeshika kisu. Lakini huenda pia lilitoka kwenu, na kinachoniudhi ni kwamba hakuna wa kujua. Kama mfumo hauandiki popote nani alifungua ukurasa wa nani na lini, basi hata mwenzako wa kidaftari hana njia ya kuthibitisha kwamba anaandika orodha ya sokoni.

Hapo ndipo naomba uvumilie swali moja gumu. Umeandika kuhusu dada: "Najua hajafanya." Unajuaje, mwanangu?

Nadhani uliandika namba yake tena ukaangalia. Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, sikulaumu, kwa maana ulikuwa na hofu naye. Lakini itazame picha yenyewe: mfanyakazi anafungua ukurasa wa mtu ambaye hakupiga simu, anasoma neno lake la siri, anarudi tena, anapiga picha kwa simu yake binafsi. Ukiondoa nia, hilo ndilo hasa unaloogopa kutoka kwa yule wa kidaftari. Na mfumo haujui nia. Kama ningekuwa wewe, mezani na shemeji yako, ningeanzia hapo hapo: "Shemeji, mimi mwenyewe nimeona kitu ambacho sikupaswa kukiona, na hakuna kilichonizuia." Maneno hayo hayamtaji mwizi yeyote. Yanamwonyesha kwamba usalama wa wateja wake wote unategemea kila mmoja wenu awe malaika, kila zamu, pamoja na wale walioacha kazi. Ni vigumu mtu kukasirikia maneno yanayoanza kwa kujikosoa. Ila hatari ipo, siifichi: umekiri kosa la kazini, na akitaka kukugeuzia, ana kwa kuanzia. Wewe ndiye unayemjua.

Ukienda, usiende mikono mitupu, wala usiende kwake nyumbani dada akiwa jikoni. Nilimsomea barua yako, bila kutaja chochote cha kukutambulisha, kijana mmoja ambaye kazi yake ni kulinda mifumo. Alicheka kidogo kisha akasema jambo lililonishangaza: kampuni iliyo katika hali hii ina njia fupi ya kutokea. Kwa kuwa maneno yote yako wazi, yanaweza kusagwa yote usiku mmoja, na asubuhi mteja asijue kilichotokea. Kuondoa kile kisanduku kwenye skrini zenu ni kazi ndogo kuliko hiyo. Kinachosumbua ni nakala za akiba za zamani, ambazo zitabaki zinasomeka hadi zifutwe, na uamuzi wa kuwaambia wateja wabadilishe maneno yao. Huo wa mwisho ndio unaoogopwa, kwa kuwa hauhusu ufundi, unahusu sura ya kampuni.

Tuje kwenye fomu. Umejiwekea milango miwili, kusaini au kukataa, na mimi naona zaidi ya hiyo. Unatakiwa kusaini kwa niaba ya kitengo chako, basi unaweza kuomba kusaini yale tu ya kitengo chako na kuacha la uhifadhi kwa wanaohusika nalo. Unaweza kuandika pembeni kwamba kwa sasa wahudumu wanaona neno la siri na kazi ya kulificha itakamilika tarehe fulani, kama shemeji atakubali kukupa tarehe. Nijuavyo mimi, fomu kama hizo si zote zinazotaka "Ndiyo" kila mstari. Mteja makini huweza kuvumilia pengo lenye tarehe ya kuzibwa kuliko pengo atakalolikuta mwenyewe. Unaweza pia kukataa kwa mdomo, na mwingine akasaini badala yako. Hapo dhamiri yako imepona na mfumo uko vile vile, na huenda ukaitwa mkorofi. Kila njia ina bei yake, na mlipaji ni wewe, kwa hiyo sikuchagulii.

Nikueleze tu kwa nini saini yenyewe isichukuliwe kama wino. Mwaka 2016 wadukuzi walichota taarifa za watu milioni 57 kutoka Uber. Kampuni iliwalipa dola 100,000, na wakatia saini hati iliyosema hawakuchukua data yoyote, jambo ambalo halikuwa kweli. Lilifichuka mwaka uliofuata. Oktoba 2022 aliyekuwa mkuu wa usalama wa kampuni alitiwa hatiani Marekani, na mwaka 2023 akahukumiwa miaka mitatu ya uangalizi. Hakushtakiwa kwa sababu kampuni ilidukuliwa. Alishtakiwa kwa kuficha. Wewe si mkuu wa usalama wa kampuni yoyote na jambo lako ni dogo kwa mbali, lakini huyo aliye juu ya nafasi yako tupu, mwenye saini kavu tayari, anaweza kufaidika kuisikia habari hii kutoka kwa shemeji yake kabla hajaisikia kwingine. Hapo ndipo napotofautiana nawe kidogo: unaona kwamba kusema ni kumwaibisha. Inawezekana ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumstahi.

Na akikataa tena, akacheka tena? Kuna walio juu yake. Kuna nchi nyingi sasa zenye mamlaka ya kulinda data. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2018, kampuni inayogundua kuvuja kwa data yenye kuhatarisha watu ina saa 72 kuiarifu mamlaka. Ila namna mtoa taarifa anavyolindwa inatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo kabla ya hatua hiyo kaa na mwanasheria, au chama cha wafanyakazi kama mnacho. Kutangaza mtandaoni ningekiweka mwisho kabisa. Unasema watu wataokoka. Wasomaji wa kwanza huenda wakawa wale wanaotafuta milango iliyo wazi, na kwa siku zile kabla mlango haujafungwa utakuwa umewaonyesha njia. Hata kikosi cha Google cha kusaka mapengo, Project Zero, ambacho si cha watu wapole, kwa kawaida huipa kampuni siku 90 za kuziba kabla ya kueleza undani wa pengo.

Zile picha mbili zitoe kichwani mwako kama silaha. Simu nyingi hupeleka picha mtandaoni zenyewe kwa ajili ya akiba, na sijui yako imepangwaje, angalia leo. Usizitume kwa yeyote, hata kwangu. Maelezo yako yenye tarehe, yanayosema uliona nini bila kuandika neno lenyewe, yana nguvu ya kutosha kwa kuanzia. Kama uzifute au uziweke kwa ajili ya shauri, hilo muulize mwanasheria kabla hujagusa.

Nimebakiza dada.

Ningependa kukwambia mwambie, maana siri za aina hii huwa zinaota. Ningependa pia kukwambia nyamaza, maana hakukuomba uijue. Fikiria alichofanya: kwa miaka tisa hajalitamka jina la mtoto mbele ya watu, lakini kila alipoingia kwenye akaunti alikuwa analiandika kwa vidole vyake, peke yake, pale ambapo aliamini hakuna anayetazama. Lile halikuwa neno la siri tu. Ilikuwa namna yake ya kumwita. Ukimwambia umeliona, unaweza kuwa umempa mtu wa kulia naye. Unaweza pia kuwa umemnyang'anya mahali pa mwisho alipobaki naye wawili. Na hatujui kama mumewe, ambaye ni baba wa mtoto yule, hajaliona naye kwenye mfumo wake mwenyewe akanyamaza kama wewe.

Kuna kitu katikati. Unaweza kumwambia ukweli wa skrini bila kumwambia ukweli wa jina: "Dada, kazini kwetu sisi wahudumu tunaona maneno ya siri ya wateja. Badilisha la kwako, nitakusubiri hapa ufanye." Akikuuliza kama umeliona la kwake, usimdanganye. Asipouliza, huenda ameshajua na amechagua. Sharti ni kwamba mazungumzo na mumewe yawe yametangulia, asije akayapata kwa mkewe usiku. Na tangu leo, usiifungue namba yake tena, hata kuangalia kama amebadilisha.

Yule mzee umemtaja mara moja ukamwacha. Anajua tu kwamba ni utaratibu, na bado ana neno moja kwa kila kitu. Kumpigia mteja kwa simu ya kazini kufuatilia shauri lake ni kazi yako ya kawaida, haihitaji ruhusa ya mtu. Mwambie aanze na barua pepe, kwa sababu huko ndiko viungo vya kubadilisha maneno mengine yote hupita, na kwamba akiyaandika mapya kwenye karatasi iliyofichwa vizuri nyumbani kwake, si aibu. Zungumza naye polepole. Na wakati anaandika, wewe tazama dirishani, si skrini.

Mama Mshauri